Damu Iliyozikwa Nyuma ya Jiko

Ancha, muuza chaza wa ghuba ya Tungue, hajawahi kuamini mizani ya mtu. Gulioni huenda na jiwe lake mwenyewe, kilo moja kamili, kalifunga kwenye pindo la kanga. Kabla hajapimiwa unga, hulitua jiwe kwenye sahani ya mizani na kumkazia macho muuzaji. Wafanyabiashara wa kutoka Mtwara wamemchoka, lakini hawamwibii. Na mwaka ule wa kukimbia vita, watu walipoambiwa mambo ni shwari, yeye alikwishafika bara, Pundanhar, kitambo, kamshika binti yake mkono. Basi usimwambie Ancha kwamba kushuku ni ugonjwa, maana kushuku ndiko kulikomweka hai.

Binti huyo ni Sumaia, miaka kumi na saba, mtoto pekee aliyembakia. Maradhi ya koo ya utotoni yalimharibia moyo, mlango wake mmoja ukawa haufungi sawasawa. Mwaka huu akapelekwa kwa ndege mji mkuu, akapasuliwa kifua, akatiwa mlango mpya. Wiki mbili baadaye alirudishwa nyumbani kwa sharti moja: kila baada ya siku mbili atolewe damu kituo cha afya, na namba itakayotoka apigiwe simu Daktari Abílio, aliyempasua.

Nesi Olinda, Mmakonde wa bara asiye na maneno mengi, alimweleza Ancha mara mbili. Mtu akishapasuliwa, mwili humwaga protini fulani kwenye damu. Hupanda kwa kila mtu, kisha hushuka siku hadi siku. Ikigeuka njiani ikapanda tena, kuna maambukizi mahali, na kwa waliopasuliwa moyo mara nyingi ni kwenye pafu, kwa sababu kifua kinauma na mgonjwa anaogopa kuvuta pumzi ndefu na kukohoa. Damu huonyesha kabla ya homa, kabla hata ya kikohozi. Ancha aliitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni alisema, haya, siku hizi damu nayo ina mdomo.

Kilichomkera ni hiyo damu yenyewe. Bibi yake alimlea kwa habari za mumiani, wale wanaonyonya watu damu wakaiuze, na pwani hii nzima inazijua, hata wanaojidai kucheka. Mara ya kwanza walichukua kichupa kimoja. Mara ya pili viwili. Mara ya tatu vikawa vitatu, na Olinda hakusema cha tatu kilikuwa cha nini. Binti mwenyewe amekonda vile! Tena kwao kitu kilichotoka mwilini hakitupwi ovyo: nywele, kucha, kitovu, vyote huzikwa, asije mwenye husuda akavipata. Sasa hii damu ikishatoka kwenye mashine inakwenda wapi? Aliuliza. Olinda akajibu kwamba inachomwa moto. Damu ya mwanawe, moto! Ancha alirudi nyumbani na hasira zake.

Pale kituoni, jamaa wa mgonjwa ndiye anayebeba kichupa kuvuka ua mpaka dirisha la maabara, kisha anarudi na jibu. Mara ya nne, kichupa kilikuwa kimoja tu. Ancha alikipokea, akakifunga pindoni pamoja na jiwe lake, akamwacha Sumaia kwenye benchi, akalipita dirisha na kutoka getini. Kwake si mbali. Nyuma ya jiko, pale alipozika kitovu cha Sumaia, alichimba kwa kile chuma chake cha kuchimbia chaza, akakilaza kichupa, akasema bismillahi, akafukia. Roho yake ikatulia.

Aliporudi, Olinda alikuwa na foleni ya watu arobaini. Namba zilizotangulia zilikuwa tisini na sita, hamsini na mbili, thelathini na moja. Ancha akasema wamemwambia ni kumi na tano, karatasi italetwa. Olinda akaandika, akampigia simu daktari, na daktari akafurahi.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Sumaia aliacha uji nusu. Alipokuwa anasuka nywele alishusha mikono mara tatu kupumzika. Ancha alimgusa paji la uso, halina joto. Kikohozi hana. Sumaia alisema amechoka tu. Lakini Ancha aliisikia pumzi yake, fupi fupi, ya juu juu. Maisha yake yote amewakamata watu wenye mizani ya uongo, na safari hii mizani ya uongo ilikuwa yake, na aliyewekwa juu yake ni mwanawe.

Akampeleka kituoni, akaipita foleni.

"Namba ile niliitunga," alimwambia Olinda. "Damu niliizika nyumbani."

Olinda hakufoka. Alimtazama kama anavyotazamwa mwizi. Akatoa damu upya, akaibeba mwenyewe, akarudi na jibu: mia moja arobaini na nane. Na bado, jamani, tabia haina dawa, Ancha akaomba apimwe na yeye kwa mashine ileile. Olinda nusura akatae, kisha akamtoa damu. Yake ilitoka tatu, namba ya mtu mwenye afya.

"Basi ni kweli," Ancha alisema, akakaa sakafuni.

Daktari Abílio aliamuru kwa simu dawa ya mshipani ianze saa ileile, na picha ya kifua ipigwe. Picha ilionyesha doa sehemu ya chini ya pafu la kushoto. Alisema pia, na Olinda hakulainisha neno, kwamba siku mbili zimepotea, na vijidudu vikifika kwenye ule mlango mpya wa moyo, Sumaia anaweza kufa. Siku tatu Ancha hakula. Namba ilipanda kwanza, mia moja na sabini, halafu tisini, halafu arobaini. Sumaia akaanza kudai chaza za nazi.

Kichupa bado anabeba Ancha, ndiyo desturi ya pale. Ila sasa Olinda huiacha foleni yake akamfuata, hatua tatu nyuma, mpaka dirishani. Hawajawahi kulizungumzia. Ancha, ambaye angemtukana yeyote kwa dharau ya namna hiyo, hageuki. Hukibeba kichupa kiganjani, kiganja wazi, mkono kaunyoosha pembeni, ili aliye nyuma yake akione.