Vinyama vya Kijerumani Siku ya Jumapili

Kaka yangu aliporudi Nakuru baada ya miaka tisa Ujerumani, alikuja na masanduku mawili, koti zito la baridi na maringo ya kutosha mtaa mzima. Tulimchinjia jogoo. Sisi ni watu wa magharibi tulioletwa huku na kazi ya reli, na kwetu mtoto wa kiume akirudi nyumbani, jogoo ni lake na firigisi ni yake. Alikula firigisi, akamtazama Mama akila, kisha akatangaza kwamba Jumapili atapika yeye. Vinyama vya mviringo vya Kijerumani! Nilimdharau palepale, sifichi.

Mimi nilikuwa na shida kubwa kuliko mapishi ya Wazungu. Mama alikuwa anakonda. Nguo zake za kanisani zilimning'inia mabegani, na hospitalini walipima damu, sukari na kifua, wakasema hawaoni kitu. Niliogopa kumpoteza. Nilimpikia nyama kila nilipoweza, lakini yeye alikunywa mchuzi, akamega ugali, na vipande vya nyama akavihamishia kwenye sahani yangu. "Kula wewe, mimi nimeshiba." Nilijiambia ndivyo mama zetu walivyo. Hata kwa majirani nilimsifu.

Jumapili ikafika, na badala ya kunisaidia kumtafutia daktari mwingine, bwana mkubwa akanituma mkate mkavu. Mkate mkavu! Nyumbani kwetu mkate haujawahi kulala. Niliupata kwa jirani, aliyewawekea kuku wake. Kaka akaupokea bila haya, akauloweka kwenye maziwa ambayo yangetosha chai ya watu wanne, akaukamua kwa ngumi. Akachanganya na nyama ya kusaga, yai, kitunguu na haradali aliyoisafirisha kutoka huko kwenye tyubu kama dawa ya meno. Kisha, Mungu amsamehe, akachota ile nyama mbichi kwa kidole akaonja chumvi.

"Woi! Unakula mbichi?"

"Kule tunakula tu hivi, sista. Iko sawa."

"Basi kula ukirudi kule."

Kazi yake ya kule naijua. Anawaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mwanamume aliyesomeshwa kwa jasho la Mama, akavuka bahari kwenda kusugua migongo ya Wazungu, sasa amekuja kutufundisha jikoni. Wenzake hapa mtaani wanageuza mbavu za mbuzi kwenye makaa, yeye anafinyanga vidonge.

Mama alikuwa kwenye stuli akimenya viazi vya Elburgon. Nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Nyama wanasagiwa watoto na vibogoyo. Sisi tuna meno."

Mama aliendelea kumenya.

Vinyama vilikaangwa, vikatoka bapa na rangi ya kahawia. Harufu haikuwa mbaya, nakiri. Mezani nilionja kimoja, nikaona ni kababu iliyosahau pilipili, nikasukuma sahani pembeni kwa makusudi ili mpishi aone.

Mama alikula kimoja. Akala cha pili. Alikata kwa kijiko na kumeza haraka haraka. Akamaliza cha tatu, akanyoosha mkono, akachukua changu kwenye sahani yangu. Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akigusa sahani ya mtu.

Kaka aliuliza polepole, "Tangu lini, Mama?"

Mama alishika shavu. "Meno ya nyuma yaliisha mwaka jana. Haya ya mbele yanacheza."

"Hata wazee wangu wa kule wanaficha hivyo hivyo," kaka alisema. "Wanasema wameshiba."

Hakunitazama alipokuwa akisema, na afadhali, kwa sababu uso ulikuwa unaniwaka. Yeye alikuwa Ujerumani miaka yote hiyo. Mimi nilikaa na Mama meza moja kila siku, nikala nyama yake.

"Mama, mbona hukuniambia?"

Alimaliza kutafuna kwanza.

"Wewe mtu akikuambia kitu, unaanza kwa kumcheka."