Vidonge vya Mafuta ya Samaki na Macho ya Bibi

Nakumbuka ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi, likizo ya Juni, msimu wa kuuza pamba. Mimi na Bibi tulikuwa tumekalia magunia yetu kwenye foleni ya kupima, kijijini kwetu Kasoli, na upepo ulikuwa unarusha vumbi na nyuzi za pamba hadi puani.

Mwanangu, nakuita mwanangu ingawa bado sijakuzaa. Nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha nne, na mbele za watu hata salamu hunikwama kooni. Lakini kalamu hainionei aibu. Ukifika umri wangu, utakuta maneno haya yamekutangulia.

Macho yangu yalianza kunisumbua nikiwa kidato cha pili. Si kuwasha kwa siku moja ukasahau. Ni ukavu wa kila siku, kama umelala na mchanga chini ya kope. Ukisoma kurasa mbili, herufi zinaanza kutembea. Na ajabu yake, ukitoka nje kwenye upepo, macho hayo hayo makavu yanamwaga machozi. Shuleni wengine walidhani nalia, wengine walidhani navuta bangi. Nikajizoeza kutembea nikiangalia chini. Watu wa Kasoli nilizijua ndala zao kuliko nyuso zao.

Basi siku ile kwenye foleni akapita Mama Shija, jirani yetu anayekaanga maandazi njia panda, na beseni lake kichwani. Alipotufikia akasimama.

"Hee! Bibi na mjukuu, macho yale yale mekundu! Bibi Minza, umeshaanza kumrithisha mtoto?"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, kila mtu akawa anaangalia gunia lake. Ukimya ule ulinitisha kuliko kicheko. Kwetu huku, mwanangu, macho mekundu ya mwanamke mzee si jambo la mzaha. Neno la uchawi linaanza kama utani kwenye foleni, ng'ombe wa mtu anakufa, mtoto wa mtu anaugua, na neno lile linarudi likiwa limevaa sura nyingine. Wapo bibi waliohama miji yao kwa sababu yake. Wapo ambao hata kuhama hawakuwahi.

Mimi nilifanya nini? Nilisogea. Nikaenda kusimama karibu na bodaboda, kama mtu ambaye hakuja naye. Bibi aliniona. Akashika kamba ya gunia letu, akasubiri zamu peke yake.

Tuliporudi nyumbani mchana, niliingia chumbani nikatoa chupa yangu ya vidonge vya mafuta ya samaki. Sikuvipata njiani. Shangazi yangu anayeishi Somanda alikuwa amenipeleka kliniki ya macho ya huko mjini, na tabibu, mama mmoja mpole, alinipima akasema machozi yangu hayana mafuta ya kutosha, yanakauka mapema. Akaniambia, "Vidonge hivi vinawasaidia baadhi ya watu, wengine hawaoni tofauti yoyote. Tujaribu. Kimoja kwa siku, baada ya chakula, na usitegemee kitu kabla ya miezi miwili mitatu. Matone usiache, kitambaa cha maji ya uvuguvugu usiache, moshi uukwepe. Na usiongeze vidonge vingine bila kuniuliza. Vitamini A ikizidi mwilini inageuka sumu."

Nilisikia yote. Tena niliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Lakini siku ile sikutaka kusikia habari ya miezi miwili. Nilitaka macho meupe kesho, ili mtu akitutazama mimi na Bibi asiseme tumefanana. Nikameza vidonge vitano. Halafu nikachukua chupa nyingine, ya vitamini A, niliyokuwa nimenunua kwa mchuuzi na kuificha chini ya godoro, nikaongeza na hivyo kiganja kizima.

Jioni Bibi alikuwa jikoni anasonga ugali, nami nachambua mlenda. Nikacheua. Bibi akanusa, akageuka na mwiko mkononi.

"Milembe, leo tuna mlenda. Hao samaki umewala kwa nani?"

Nikataka kucheka, kichwa kikaniuma kama kimefungwa kamba. Nikatoka mbio, nikatapika nyuma ya nyumba. Bibi alinifuata na maji, akaninawisha uso kama mtoto mdogo, akakaa chini kando yangu. Mficha maradhi kilio humfichua. Nikamwambia kila kitu, chupa zote mbili.

Hakunifokea. Akaanza kwa mbali, kama kawaida yake.

"Nilipoolewa hapa nilikuwa na umri kama wako. Mwaka ule viwavi waliingia kwenye pamba. Mama mkwe akanionyesha kipimo cha dawa, akasema pulizia hivi, rudia baada ya wiki mbili. Mimi nikaogopa wataniita mvivu. Nikataka shamba lipone kabla mume wangu hajarudi mnadani. Nikatia kipimo mara tatu kwenye bomba. Viwavi walikufa, ndiyo. Na majani yakaungua yote, shamba likawa kama limepitiwa na moto. Unajua mama mkwe alinifanya nini?"

"Alikupiga?"

"Afadhali angenipiga. Kila asubuhi alinipeleka nikayaangalie yale majani. Akaniambia, 'Minza, dawa haijui kama wewe una haraka.'" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sasa wewe, ng'wanawane, haraka yako inatoka wapi?"

Ng'wanawane ndiyo mwanangu yake, ya Kisukuma. Akiitumia, siwezi kumdanganya.

"Watu wanasema, Bibi."

"Wananisema mimi. Wewe ulichoogopa ni kufanana na mimi."

Ndilo hilo hilo. Nikainua uso nikamwangalia, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule. Macho yake yalikuwa mekundu, kingo za kope zimevimba. Nyuma yake moshi ulikuwa unatoka jikoni, moshi wa miti ya pamba tunayong'oa baada ya mavuno na kuifanya kuni. Moshi huo umempikia babu yangu, na baba yangu mpaka akamaliza shule, na sasa unanipikia mimi. Uchawi wote wa Bibi ulikuwa huo: kupika.

"Bibi, na wewe yanakuwasha?"

"Tangu hujazaliwa."

"Umewahi kupimwa?"

"Nikapimwe, waseme hata mwenyewe ameshajijua kuwa ni mchawi? Acha tu."

Pale ndipo kitu kiligeuka ndani yangu. Aibu yangu niliijua, tumekua pamoja. Lakini aibu ya Bibi, ya kuogopa hata kutibiwa, hiyo sikuikubali. Nikamwambia kesho tunakwenda mjini, wote wawili. Akakataa. Nikamwambia tena. Mimi, nisiyebishana hata na kuku! Akasema, "Kumbe una mdomo," akarudi kwenye ugali wake.

Mwanangu, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vidonge sikuviacha. Tabibu alinikemea, akanisimamisha kwanza, kisha akaniruhusu kuanza upya, kimoja baada ya chakula, na ile chupa ya vitamini A akabaki nayo. Leo naandika haya baada ya mvua za kwanza, na mchanga machoni umepungua, haujaisha. Sijui kama ni vidonge, au ni kitambaa cha uvuguvugu, au ni kwa sababu jiko tumelihamishia nje. Siwezi kukuapia. Nasoma kurasa sita sasa kabla sijapumzika, na hilo kwangu ni kubwa.

Kwa hiyo ukiugua, sema mapema, na useme kwa anayejua. Ukipewa dawa au kirutubisho, fuata kipimo chake hata kama moyo unakimbia. Haba na haba hujaza kibaba, na kiganja kizima hujaza tumbo kichefuchefu. Usimeze kitu kwa sababu ya midomo ya watu, maana midomo haina kipimo. Na usisogee mbali na mtu wako anapochekwa. Ukisogea ataonekana yuko peke yake, na kwetu huku mzee akionekana peke yake yuko hatarini. Mungu akupe macho yanayoona na shingo isiyoinama, na siku utakayougua akupe mtu wa kukaa naye kwenye benchi la kliniki.

Asubuhi ya Jumanne niliwasha moto nje, upande ambao upepo haumrudishii Bibi moshi, nikapika uji. Nikatia chupa zote mbili kwenye mkoba. Nikamshika Bibi mkono, tukatoka kwenda kutafuta bodaboda, tukapitia njia panda, palepale kwenye karai la Mama Shija, na watu wakiwa wamejaa wanasubiri maandazi. Nikainua kichwa.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama yule kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika.

"Mwangaluka." Alishtuka. "Mnakwenda wapi asubuhi hii?"

"Somanda, kliniki ya macho. Bibi na mimi. Vumbi na moshi vimetumaliza."

Hakuna aliyecheka. Mama Shija akafuta uso kwa ncha ya khanga, moshi wa karai ukimzunguka, na mimi niliyekuwa nazijua ndala zake tu nikamtazama usoni. Macho yake yalikuwa mekundu kama yetu.

"Tukirudi nitakuelekeza na wewe mlango wa kliniki," nikamwambia, nikampandisha Bibi kwenye bodaboda ya pale njia panda.