Bunduki Isiyolia Kwenye Ngolo

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kufumba macho. Nilijifundisha mwenyewe kulenga, kwa kopo tupu nyuma ya banda la kukaushia kahawa, na nilijua kila kitu kinachotakiwa: bega, pumzi, kidole. Lakini kabla tu bunduki haijalia, macho yalijifunga yenyewe. Sikumwogopa mnyama. Niliogopa mlio. Kwa ajili hiyo nilimvunja mbawala dume mguu wa nyuma, akatelemka korongoni, nikafuata damu yake tangu asubuhi mpaka jua la utosini na sikumpata. Kwa muda mrefu nilimsikia akiburuta ule mguu kwenye majani makavu, hata nikiwa kanisani.

Bunduki ilikuwa ya baba mkubwa na kibali kilikuwa chake. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na mbawala walikuwa wanapanda kutoka korongoni kula maharage yetu kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba mteremko mzima ili mvua isiondoke na udongo. Tuliruhusiwa kuwapiga waharibifu. Katika ukoo wetu hakukuwa na kijana mwingine aliyetaka kazi hiyo kama nilivyoitaka mimi. Niliitaka kupita kiasi.

Jioni ile nilipokuja mikono mitupu, wanaume walikuwa wamekaa sengu, pale ukoo wetu unapokula chakula pamoja. Nikaamkia. Baba mkubwa hakuitikia mpaka alipomaliza tonge.

"Ukijeruhi mwingine," akasema, "bunduki hii nampa shangazi yako. Yeye hafumbi macho hata akichinja jogoo."

Wakacheka wote. Shangazi yangu, mjane anayelima ngolo za chini ya zetu, alikuwa anapita na mtungi wa maji. Hakucheka. Alinitazama kama mtu anayekagua maharage yaliyotobolewa na wadudu.

Miaka hiyo ndiyo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda na magari yao. Zamani tulipeleka kahawa kwenye chama cha ushirika tu. Sasa kila barabara ilikuwa na mtu na mizani yake. Mmoja wao, mtu mwenye asili ya pwani mwenye duka Mbinga mjini, alikuwa na bunduki ndefu kuliko yetu, na mbele ya mtutu ilikuwa na kiwambo cha sauti, bomba jeusi lenye unene wa gunzi la mahindi. Alikuwa amesikia habari za mguu wa mbawala. Kila mtu alikuwa amesikia.

"Bwana mdogo," akaniambia, "wewe hukosei shabaha. Unakosea masikio. Jaribu hii."

Nikaijaribu kwenye kopo. Bunduki ilitoa sauti kama ya mtu anayevunja kijiti kikavu gotini. Macho yangu yalibaki wazi. Niliona kopo likiruka. Sikuwa nimewahi kuona kitu nilichokipiga, na nakiri kwamba karibu nilie mbele ya mtu yule.

Nikaenda kwa baba mkubwa nikamweleza kama nilivyopanga usiku kucha: mnyama hateseki, wengine hawakimbii, mpigaji hafumbi macho. Alinisikiliza akiwa anachonga mpini.

"Na watu wa ngoloni watajuaje kwamba kuna mtu anapiga?"

"Nitawaambia kabla."

"Wote? Utazunguka mlima mzima unabisha hodi?" Akacheka kwa pua. "Mwizi ndiye anayetaka bunduki isiyolia. Na mnunuzi wa kahawa. Ondoka hapa na bomba lako."

Niliondoka nikimchukia. Nilijua anachokisema, kila mtoto wa kwetu anakijua. Mlio wa kwanza ukisikika, aliye ngoloni anachuchumaa ndani ya shimo na kubaki humo mpaka mpigaji apaze sauti kwamba amemaliza. Ndipo wanaume wanashuka kubeba nyama. Lakini mimi niliona ni visingizio vya mzee asiyetaka kijana afanye kitu vizuri kuliko yeye.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda na mnunuzi na bunduki yake, bila kumwambia mtu. Ukungu ulikuwa umeinuka na kule chini, mbali, ziwa lilikuwa linang'aa kama bati jipya. Mbawala alisimama kwenye maharage ya shangazi, ubavu wote wazi. Shamba lilikuwa tupu. Nilihakikisha mara mbili. Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikapiga macho yakiwa wazi. Akaanguka, kisha akaanza kujiinua kwa miguu ya mbele.

Sikutaka ateseke. Nikalenga tena na kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta.

Shangazi akasimama.

Alikuwa ameinama ndani ya shimo akipalilia, na hakuwa amesikia chochote, kwa sababu kiwambo kilikuwa kimemeza mlio na upepo wa ziwani ulikuwa unavuma kutoka kwake kuja kwetu. Alisimama kunyoosha mgongo, jembe mkononi, kitenge kikiwa kimefungwa kichwani, na kichwa hicho kilikuwa pale pale nilipokuwa nimelenga. Aliona mbawala akigaragara. Kisha akainua macho akaniona mimi, na bunduki.

Nilitoa kidole. Sijui nilikitoaje. Mbawala akafa mwenyewe.

"Muuaji!" alipiga kelele mpaka watu wa ng'ambo ya korongo wakatoka nje. "Ulitaka nisikie nini, mwana wa kaka yangu? Nisikie nikiwa nimeshakufa?"

"Shangazi, shikamoo, mimi..."

"Usiniamkie! Huwaamkii watu kwa bunduki!"

Mnunuzi alinong'ona kwamba tuchukue paja tuondoke. Hapo ndipo nilipomwona jinsi alivyo, na nikajiona na mimi nilivyo. Nilimrudishia bunduki yake, akaondoka akinitukana, na msimu ule hatukumuuzia hata punje.

Nyama hakuila mtu. Baba mkubwa aliwapa mbwa, tena mbele yangu, polepole. Bunduki akaifungia. Mbawala wakaendelea kula maharage, na hakuna aliyenilaumu kwa maneno. Walinipisha tu njiani kama unavyompisha mtu mwenye upele.

Mvua zilipoanza tena, baba mkubwa alimwita shangazi, na mimi nikiwepo.

"Maharage yako yanaisha. Nimpe bunduki au nisimpe?"

Shangazi hakunitazama. "Apige," akasema. "Lakini nisikie. Na asiniamkie."

Nimewahi kuwaza kwamba ningeweza kuwashinda kwa hoja. Kiwambo ni kizuri kwa mnyama na kwa masikio. Bado naamini hivyo, na nikikutana na mtu anayewinda porini asikokaa mtu, nitamwambia akitumie. Kwetu mlima mzima una watu ndani ya mashimo.

Leo napiga kwa bunduki ya baba mkubwa, inalia mpaka ng'ambo, na shangazi bado haitikii salamu yangu. Macho siyafumbi tena. Kila ninapolenga kwenye ngolo, naona kitenge.