Benchi la Wanaokohoa

Kosa langu la mwanzo pale hospitali ya Nchelenge, kando ya ziwa, nilipokuwa daktari, lilikuwa hili: nilifunga mlango wa chumba cha kupimia wagonjwa, nikafungua shati, nikaweka stetoskopu kwenye kifua changu mwenyewe. Nilivuta pumzi, nikasikiliza, nikaamua kwamba niko mzima. Kikohozi hiki ni cha vumbi la kiangazi, nilijiambia. Mgonjwa mwingine angekuja na kikohozi kile nisingemwacha aende hivyo hivyo.

Nilikuwa kijana, nimetoka ng'ambo ya pili ya ziwa, upande wa Kongo, miaka ile ya mwisho ya tisini. Kibemba nilijifundisha mwenyewe, na Kiingereza cha hospitali vilevile, kwa vitabu vilivyokosa kurasa. Mtu anayejifundisha kila kitu peke yake huanza kuamini kwamba kuuliza ni aibu. Mimi nilifika hapo. Nilikuwa naandika dawa, naisoma tena, halafu narudi wodini kuhakikisha kwamba muuguzi ameisoma kama nilivyoiandika. Usingizi wangu ulikuwa wa kushtuka. Chakula changu kilikuwa ugali baridi na chisense, vile visamaki vidogo vya ziwani, nikitafuna huku nimesimama. Uchovu niliuona kama ushahidi kwamba mimi ni daktari mzuri.

Kikohozi hakikuisha. Nilianza kuamka shuka limelowa jasho. Kila siku niliwaambia wagonjwa: ukikohoa zaidi ya wiki tatu, leta makohozi yapimwe. Mimi wiki hizo nilikuwa nimeshazipita. Nilikuwa naenda kukohoa nyuma ya tangi la maji, nikirudi najipangusa mdomo.

Niseme ukweli, niliogopa. Niliogopa kusimamishwa kazi, kwa sababu bila kazi ile sikujua mimi ni nani. Na miaka ile mtu akitajwa kuwa na kifua kikuu, watu walinong'ona ugonjwa mwingine nyuma yake.

Aliyenizindua ni mama mmoja mchuuzi wa samaki, anayekaa kisiwani Kilwa, humo ziwani, si Kilwa ile ya pwani, ambaye mimi mwenyewe nilimwanzishia dawa za kifua kikuu. Alikuja kuangaliwa. Nilipoinama kumsikiliza mgongo, nikashikwa na kikohozi. Alingoja hadi nimalize, akageuka, akatazama mkanda wangu, akasema kwa Kiswahili cha Kongo, ambako daktari ni munganga na mke ni bibi.

"Munganga, mukaba yako sasa inakuzunguka mara mbili. Bibi yako hakupikii?"

"Sina bibi, mama."

"Bon, basi ni samaki zangu hauzikule." Alicheka, halafu akaacha kucheka. "Weye unakohoa."

"Ni vumbi."

"Vumbi! Miye nilipokuambia ni moshi ya samaki, ulinikatalia. Ulisema nisilale na mutoto wangu mpaka dawa ifanye kazi. Nikamupeleka kwa dada yangu, analia, na miye nalia. Na bale batoto ba wodi yako, nani anabapeleka kwa dada?"

Kila asubuhi niliinama juu ya watoto wale, uso wangu karibu na uso wao. Nilihesabu matone ya dripu zao kwa uangalifu mkubwa, na pumzi yangu sikuwahi kuifikiria.

Siku hiyo sikuingia tena wodi ya watoto. Kesho yake asubuhi nilikwenda maabara na kikopo mkononi. Nje ya ukuta wake kulikuwa na benchi la watu wa kikohozi, limewekwa pale ili upepo wa ziwa uwapitie. Muuguzi mkuu, mama wa makamo, aliniona akaja mbio.

"Ba dokota, nipe hicho kikopo," alininong'oneza kwa Kibemba. "Nitakipeleka mwenyewe. Hakuna atakayejua."

Nilitamani sana kumpa. Mkono ulikuwa umeshanyooka nusu. Lakini yule mama wa Kilwa alikuwa amekuja kuchukua dawa zake, na alikuwa ananiangalia. Nikamshukuru muuguzi, nikakaa.

Watu walisogea kunipa nafasi. Mvuvi mmoja mzee akauliza, "Munganga, unakuya kutuchunga?"

"Hapana, papa. Nimeleta makohozi."

"Ee!" Alipiga paja lake. "Leo utajua vile inakataa kutoka kama batu banakuangalia."

Benchi zima lilicheka, na kikohozi kikatushika sote pamoja.

Majibu yalitoka: vijidudu vilikuwepo. Nilitolewa wodini mpaka dawa ziniondolee hatari ya kuambukiza. Kila asubuhi nilimeza vidonge mbele ya muuguzi, kisha akaniamuru nifungue mdomo, niinue ulimi, kama nilivyowaamuru wengine. Mkojo wangu ukawa mwekundu kwa sababu ya dawa. Hospitali haikuanguka. Daktari mwenzangu alifanya kazi yangu, nyingine vibaya kuliko mimi, nyingine vizuri kuliko mimi, na hilo la pili liliniuma zaidi.

Watoto waliokuwa wodini walitafutwa na kupimwa. Wawili wadogo walipewa vidonge vya kinga. Hadi naondoka Nchelenge hakuna aliyekuwa ameugua kati ya wale tuliowapata. Wengine mama zao walikuwa wameshavuka ziwa nao, na habari zao sikuzipata. Bado nawafikiria.

Nilipona. Mkanda ulirudi kwenye tundu lake la zamani.

Siku hizi nina daktari wangu, naye si mimi. Nikikohoa, naenda kwake, nangoja kwenye benchi pamoja na wengine. Na chakula changu nakula nimekaa.