Ubani Bandani

Kila Ijumaa alasiri Bi Mwamvita wa Temeke aliacha vitumbua vyake, akaingia banda la video la Khalfani kutazama filamu ya msichana wa Kichina aliyezama mtoni akawa mzuka. Mzuka ule ulielea kama kanga kambani, ukizipita nyumba zinazowafukizia marehemu wao udi. Mzuka wenyewe hakuna aliyeukumbuka. Bi Mwamvita hakujua neno la Kichina, ila machozi yalimtoka.

Siku hiyo alikuja na chetezo, akatia ubani. Moshi ukatanda, Khalfani akakimbilia swichi akidhani televisheni inaungua.

"Iache hiyo," Bi Mwamvita akafoka. "Mwanangu Munira alichukuliwa na mafuriko, hatukumpata. Nimfukizie kaburi lipi mie?"

Khalfani akaiachia swichi. Aliirudisha kanda nyuma, taratibu, hadi pale msichana alipokuwa bado hai.