Bango Mbele ya Wodi

Waliomfahamu walimwita Msumari, kwa ufupi wa maneno yake. Alikuwa fundi wa majeneza kwa miaka ishirini na miwili, na karakana yake ilitazamana na hospitali. Juu ya mlango alitundika bango alilolichora mwenyewe: MAJENEZA. TUNAPOKEA ODA SAA ZOTE.

Halmashauri ikatunga sheria ndogo: marufuku kutangaza majeneza mahali panapoonekana na wagonjwa. Askari wakaja na ngazi, wakaling'oa.

"Mbona bango la bia pale geti la hospitali hamligusi?" aliwauliza. Wakalipakia garini, wakaondoka.

Mkewe ndiye aliyekuja juu. "Umemdanganya nani wewe? Unasema unachouza, basi. Twende mahakamani."

Wakatafuta wakili. Kesi ikapigwa kalenda mwaka mzima na zaidi, na katikati ya danadana hizo mkewe akaanza kukonda. Madaktari wakasema ni ini, na kwamba amechelewa kuletwa. Akalazwa ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani.

Siku ya hukumu jaji alisoma taratibu. Kutangaza biashara halali kwa maneno ya kweli ni sehemu ya uhuru wa kusema. Halmashauri ingeweza kuubana pale tu ambapo ingethibitisha madhara, nayo haikuleta ushahidi wowote zaidi ya kusema watu wanakereka. Bango lirudishwe.

Msumari alikwenda wodini moja kwa moja. "Tumeshinda, mke wangu."

"Nilijua." Akageukia dirisha. "Utalitundika lini?"

"Sema wewe."

"Nilikuwa nawaona wagonjwa wa humu waoga tu. Sasa mlango wako nautazama kutwa. Ningoje kidogo, baba."

"Nitangoja."

Kesho yake wakili alipiga simu: waandishi wa habari walitaka kumpiga picha chini ya bango.

"Sijalitundika."

"Kwa nini? Hakuna wa kukuzuia tena."

"Najua," alisema, akakata simu.

Mkewe alifariki siku ya kumi na tisa. Jeneza alilitengeneza mwenyewe, lakini kitambaa cha ndani kilimshinda, maana siku zote aliyekishona ni mkewe. Alihangaika na sindano mpaka shemeji yake akamwondolea mikononi, akamalizia.

Bango alikuja kulitundika ukuta wa nyuma, upande wa gereji ya jirani, ambako wodi haioni. Wateja wakawa wa kubahatisha. Wakili alimwona amechanganyikiwa.