Mgomba Si Mti

Nimelima migomba tangu utotoni, huku upande wa Suneka, na sioni haya kusema naijua kuliko wengi walioiandikia vitabu. Naringa? Naam, naringa. Nikipita shambani kwa mtu na kutazama majani tu, nakuambia upi unaumwa na upi umebakiza majuma machache utoe ua. Watu hutoka mbali kuja kuchukua machipukizi kwangu, ile miche inayozuka kando ya mgomba mkubwa, na wakienda kuyapanda kwao yanashika.

Sasa siku moja binti yangu, wakati huo yuko Gredi ya Nne, alirudi nyumbani na karatasi ya mtihani ameikunjakunja ikawa kama kidonge. Nikaikunjua. Kulikuwa na picha ya mgomba, na swali: onyesha shina. Alitakiwa achore mshale kwenye ile sehemu nene ya kijani iliyosimama. Yeye aliuchora ukishuka chini kabisa, udongoni, na pembeni akaandika: "Mgomba si mti." Mwalimu alikuwa ameweka alama ya kosa, nyekundu, kubwa ajabu.

Sikuhitaji kuuliza nani alimfundisha. Ni mimi, tukipalilia.

Kumbe jibu lake lilisomwa darasani, na watoto wakacheka mpaka wakampa jina. Wakimwona wanaita, "Si Mti! Si Mti, njoo!" Jioni hiyo aliniambia kwa Kigusii, bila kunitazama, kwamba nisimfundishe kitu tena, kwamba mambo ya shambani yabaki huko huko shambani. Na alishika neno lake. Kila nilipomwita tutoke na jembe alisema ana kazi ya shule, hata siku za likizo fupi. Kosa la mtihani ningelimeza. Lakini mtoto niliyemzaa mwenyewe aamini kwamba mama yake hajui kitu? Thubutu!

Nikaenda shuleni. Mwalimu wake alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa pwani, muhula wake wa kwanza huku kwetu. Kiswahili chake kilinifanya nione aibu kufungua mdomo, maana changu ni cha sokoni. Lakini hasira hazijui sarufi.

"Mama, mimi nimefuata kitabu," akasema, akanionyesha picha.

"Nipe kipindi kimoja, mwalimu. Nitaleta mgomba wenyewe. Nikishindwa, nitaomba radhi mbele ya watoto wote."

Akacheka kidogo, akaniambia nije Ijumaa asubuhi.

Ijumaa niliamka nikachagua mgomba wangu mmoja mzuri, wenye mimba. Ndivyo tunavyosema ua linapokuwa limeshaanza safari ya kupanda ndani na bado halijachomoza. Mama mkwe aliponiona nimeinua panga alishika kichwa. "Ala! Unakata wenye mimba? Umerogwa?" Nikamwomba radhi, nikaendelea. Niliuchimba mzima, na mizizi yake na tunguu lake, lile bonge linalokaa udongoni, nikaupakia kwenye wilbaro pamoja na machipukizi mawili. Nilipoingia darasani na gambuti zangu za matope, watoto walipiga kelele za furaha. Binti yangu alikuwa dawati la nyuma, ameinamisha kichwa mpaka paji linagusa daftari.

"Hii sehemu ndefu ni nini?" nikauliza.

"Shina!" wakaitika wote.

Nikachukua kisu, nikabandua tabaka la kwanza la nje, nikalifuata polepole kwenda juu, juu, mpaka likaishia kwenye jani. Nikabandua la pili, likaishia kwenye jani lingine. "Huu ni mguu wa jani," nikawaambia. "Yamekumbatiana tu, moja ndani ya jingine, ndiyo maana mnaona kitu kinene." Nikakamua kipande kimoja, maji yakachuruzika sakafuni. "Ule mkaratusi kwenye ua una mbao, na kila mwaka unanenepa. Hapa mbao ziko wapi? Nani kwao wamepaua nyumba kwa mgomba?"

Wakacheka, lakini sasa walikuwa wamesimama juu ya madawati ili waone. Nilibandua mpaka lile gogo lote likawa rundo la maganda miguuni pangu. Katikati kukabaki kijiti cheupe, na huku juu, nilipokifunua kwa ncha ya kisu, ua changa lenye ndizi ndogo kama punje za mchele, zimejipanga safu safu. Jamani, nimelima miaka yote hii na bado nikiona kitu kile moyo hunienda mbio.

"Na hiki kijiti kimetoka wapi?" Nikakifuata kwenda chini mpaka kwenye tunguu, nikalipasua katikati. "Kimetoka hapa. Shina ni hili. Linaishi udongoni, na haya macho yake ndiyo yanayotoa machipukizi."

Mwalimu alipiga magoti na suruali yake safi, akalipapasa tunguu kwa muda. Kisha akasimama. "Watoto," akasema, "mimi nimekosea, na kitabu kimekosea." Mpaka leo namheshimu sana kijana yule, kwa sababu wakubwa wengi wangetafuta pa kujificha.

Nilikuwa nimeshinda. Lakini nilipotupa macho nyuma, kichwa cha binti yangu bado kilikuwa kimeinama, na ushindi wote ukaniishia mdomoni. Sikuja kumshinda mwalimu mimi. Nilimjia yeye.

Ndipo mtoto mmoja wa mbele akayaelekezea kidole yale machipukizi mawili, moja la majani membamba kama panga, jingine la majani mapana yenye kupendeza. Akauliza ni lipi mtu apande.

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma. "La majani membamba."

Binti yangu alikuwa amesimama. "Lile lingine lina urembo tu," akasema, "lakini tunguu lake ni dogo. Ukilipanda utangoja sana, na utapata mkungu wa aibu."

Neno kwa neno! Ndivyo ninavyosema mimi nikiwa shambani, na nilidhani ameshayatupa yote.

Mwalimu akamgeukia. "Na haya umeyasoma wapi?"

"Nimefundishwa na baba."

"Maashallah. Basi na baba yako naye tumwalike siku moja."

Darasa zima likaangua kicheko, na safari hii aliyechekwa ni mwalimu. Maskini, katika muhula mzima hakuna aliyemwambia kwamba kwa Kigusii baba ni mama. Alibaki akitutazama, hajui amekosea wapi tena. Binti yangu akatoka dawatini, akaja mbele akikanyaga yale maganda, akanishika mkono uliojaa utomvu, akauinua juu wote wauone.

"Baba ni huyu," akasema.